Sura ya Tano: Nani Anamuuliza Mtoto?

Sally ana kikapu, Anne ana sanduku. Wote wawili ni wanasesere, wamewekwa juu ya meza. Sally anatia gololi yake kikapuni, kisha anatoka kwenda kutembea. Huku nyuma Anne anaichukua ile gololi na kuificha sandukuni mwake. Sally anarudi, anataka kucheza. Je, ataitafuta wapi gololi yake?

Mtu mzima hajiulizi mara mbili: kikapuni, maana Sally hajui kama imehamishwa. Mtoto wa miaka mitatu huonyesha sanduku. Yeye ameiona gololi ilikokwenda, na haimjii kwamba mwenzake hakuona. Watoto wengi wa Ulaya na Marekani huanza kujibu sawasawa kati ya miaka minne na mitano. Kisa cha kwanza cha namna hii kilichapishwa mwaka 1983 na Heinz Wimmer na Josef Perner. Kilimhusu mvulana Maxi na chokoleti yake, ambayo mama aliitoa kwenye kabati la bluu akaiweka kwenye la kijani. Miaka miwili baadaye Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith wa London wakatumia toleo la Sally na Anne kwa watoto wenye usonji. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walikosea. Kati ya 14 wenye hali ya Down, ambao kwa vipimo vingine vya akili walikuwa nyuma zaidi, 12 walipata. Tangu hapo gololi ya Sally imekuwa kitu kikubwa katika saikolojia. Dakika tano na vikaragosi viwili, na mtafiti anaamini ameona kama mtoto anaweza kujua yaliyo kichwani mwa mwenzake.

Kipimo chepesi hivyo lazima kisafiri. Kimefika kila bara, na mara nyingi kilichobadilishwa njiani ni nguo tu: Sally kawa Asha, gololi imekuwa embe, na kwenye ripoti ikaandikwa kwamba kipimo kimerekebishwa kulingana na utamaduni wa wenyeji. Naamini hapo kazi ilikuwa haijaanza. Kipimo cha kuelewa watu ni tukio la watu. Yupo mtu mzima, yupo mtoto, na ipo sababu ya kuulizwa swali, ambayo mtoto huitafuta kabla hajaligusa swali lenyewe. Anayetafsiri maneno na kuliacha tukio lilivyo amefanya sehemu rahisi ya kazi.

Wala si lazima kuvuka bahari ili kuliona jambo hili. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson, huko Scotland, walikirudia kipimo maarufu cha Jean Piaget. Mtoto huonyeshwa safu mbili zenye vitu sawa kwa idadi, anakubali kuwa ni sawa. Mtafiti anaitandaza safu moja iwe ndefu, kisha anauliza tena. Wadogo husema sasa ile ndefu ina vingi zaidi, na Piaget alihitimisha kwamba hawajaielewa idadi. McGarrigle na Donaldson wakamleta mwanasesere dubu mtundu, akatoka mafichoni na kuzivuruga safu kana kwamba ni ajali. Swali likabaki lile lile, na watoto wengi zaidi wakasema idadi haijabadilika. Ukifikiri, walikuwa na haki. Mtu mzima akipanga vitu upya kwa makusudi mbele ya macho yako, kisha akarudia swali ulilokwisha kulijibu, unaelewa kwamba jibu la kwanza halikumridhisha. Yanayofanana na hayo yalivikuta vipimo vya aina ya gololi. Mwaka 1991 Michael Siegal na Karen Beattie, Australia, waliongeza neno moja katika swali la aina ya lile la Sally, wakauliza mhusika atatafuta wapi kwanza. Watoto wa miaka mitatu walifanya vizuri zaidi kuliko walipoulizwa kwa maneno ya kawaida. Huenda wengi wao walidhani wanaulizwa mhusika aende wapi ili akipate anachokitafuta.

Basi ikiwa mtoto wa Scotland anapotezwa na nia ya mwulizaji wa nchi ile ile, tumtazame mtoto wa Kokwet.

Kokwet ni jamii ya Wakipsigis, magharibi mwa Kenya, ambako Sara Harkness na Charles Super waliishi na kufanya utafiti katika miaka ya 1970. Mwaka 1977 walichapisha makala iliyouliza waziwazi kwa nini watoto wa Kiafrika ni wagumu kupimwa. Mtoto alisimuliwa hadithi fupi, akatakiwa airudie kwa mtu mzima. Wengi walinyamaza. Watoto hao hao wakiwa na wenzao walikuwa wasemaji, na walikuwa wakilea wadogo zao na kuchunga mifugo, kazi zinazotaka uwatambue wengine wanahitaji nini kabla hawajasema. Harkness na Super wakatazama namna watu wazima wanavyosema na watoto nyumbani. Sehemu kubwa ilikuwa maagizo: lete, peleka, mwangalie mtoto. Kilichothaminiwa ni mtoto kuelewa na kutenda. Kumsimamisha mbele ya mkubwa atoe maelezo marefu, tena juu ya jambo ambalo mkubwa huyo analijua, hakukuwa sehemu ya malezi.

Msomaji aliyelelewa Pwani au bara hahitaji kueleweshwa sana hapa. Mgeni akiingia, mtoto huamkia, hupokea mzigo, huondoka au hukaa pembeni akasikiliza. Akiulizwa na mgeni jambo ambalo mgeni mwenyewe analiona, hutazama chini, au humtazama mama kuona kama anaruhusiwa kusema. Katika karatasi ya mpimaji unyamavu huo ni sifuri. Ubaya wake ni kwamba uwezo unaopimwa ndio huohuo mtoto anaoutumia wakati ule: amesoma cheo cha mwulizaji, amesoma hatari ya kukosea mbele yake, akachagua njia salama. Kipimo cha hesabu kikimnyamazisha mtoto, tumepoteza habari za hesabu yake. Kipimo cha kuelewa watu kikimnyamazisha, kimemnyima alama kwa kuelewa watu.

Mfano bora ninaoujua wa watafiti waliolibadilisha tukio lenyewe unatoka kwa Wabaka, wawindaji na wakusanyaji wa misitu ya kusini-mashariki mwa Kameruni. Jeremy Avis na Paul Harris waliuchapisha mwaka 1991. Hakukuwa na meza wala wanasesere, na waliosema na watoto walikuwa Wabaka wenyewe. Mtoto aliingizwa kwenye kibanda kinachotumika kupikia, ambamo mtu anayemfahamu alikuwa akipika kokwa za maembe ya mwituni, chakula kinachopendwa sana. Zilipoiva, mpishi akazisifu, akazifunika kwenye bakuli, akasema kabla hajala anakwenda kwanza barazani kwa wanaume wenzake. Alipotoka tu, mtu mzima wa pili akamgeukia mtoto: hebu tumchezee, zifiche. Mtoto akazitoa na kuzificha. Hapo ndipo yakaja maswali. Akirudi atazitafuta wapi? Kabla hajafunua, moyo wake utakuwa mzuri au mbaya? Na akishafunua?

Watoto wengi wa karibu miaka mitano walitabiri kwamba mpishi angefunua bakuli tupu, tena kwa moyo mweupe, na kwamba ungeingia kiza baadaye. Wadogo zaidi walikosea zaidi, kama wenzao wa Ulaya.

Ninavutiwa zaidi na namna maswali yale yalivyopata sababu. Kila mmoja wetu aliyewahi kushiriki utani wa kuficha kitu anajua kwamba mshirika ni lazima aulizwe hayo: atakwenda wapi akirudi, atafanyaje, na sisi tukae vipi. Mwulizaji hajifanyi hajui jambo analolijua, anapanga njama pamoja na mtoto. Na mtoto hatazami visa vya wanasesere wenye majina ya kigeni. Ana mkono wake katika udanganyifu huo na ana hamu ya kuona mwisho wake.

Mabadiliko hayo yana gharama, na wanaosifu vipimo vya kienyeji aghalabu huiruka. Mtoto aliyezificha kokwa kwa mikono yake amepata msaada ambao aliyetazama gololi hakuupata. Huenda kudanganya mwenyewe kunamzindua kwamba mwenzake hajui. Kwa hiyo huwezi kuwaweka watoto wa Kameruni na wa London kwenye jedwali moja ukasema hawa wamewatangulia wale. Kila hatua ya kukisogeza kipimo karibu na maisha ya mtoto hukitenga kidogo na kipimo cha asili. Mtafiti anayetaka kumsaidia mtoto aliye mbele yake atavumilia hasara hiyo. Anayetaka kulinganisha mataifa ataumia kichwa, na nadhani anastahili.

Samoa inaonyesha jinsi maumivu hayo yalivyo ya kweli. Mwaka 2005 Tara Callaghan na wenzake walitoa matokeo ya Kanada, India, Peru, Samoa na Thailand. Mchezo wao wa kuficha kitu chini ya bakuli ulikuwa jamaa wa ule wa kokwa, na kote watoto wengi wa miaka mitano walifaulu. Ikaonekana kama suala limefungwa. Mwaka 2013 Andreas Mayer na Birgit Träuble wakachapisha matokeo ya watoto wa Samoa zaidi ya 300. Wengi wao walianza kufaulu karibu na miaka minane, na hata miongoni mwa waliopita miaka kumi, waliokosea hawakuwa wachache. Visiwa ni vile vile, mchezo unafanana, na umri umeachana kwa miaka mitatu.

Mtu anaweza kusema watoto wa Samoa huchelewa. Lakini Elinor Ochs, katika kitabu chake cha 1988 juu ya ukuaji wa lugha katika kijiji cha Samoa, alikwisha kueleza kwamba mkubwa hapo hasumbuki kubahatisha alichokusudia mtoto ambaye usemi wake haueleweki. Mtoto ndiye hutakiwa aseme tena. Wanaanthropolojia wameeleza katika jamii nyingi za Pasifiki desturi ya kukataa hadharani kusema kilichomo moyoni mwa mwingine: huwezi kujua, na si vyema kujifanya unajua. Hapo kumwuliza mtoto mtu fulani atadhani nini ni kumtaka avunje mwiko mdogo mbele ya mkubwa. Sidhani hilo linamaliza tofauti yote iliyopatikana. Inawezekana kabisa kwamba mahali ambapo mawazo ya watu hayajadiliwi, watoto huchukua muda zaidi kuyafanyia kazi. Ila kipimo kimoja hakiwezi kututenganishia mtoto asiyejua na mtoto asiyesema, na wenye kukitumia wanapaswa kuwa na njia ya pili kabla hawajaandika neno "kuchelewa".

Kwa watu wazima vipimo hubadilika sura. Baadhi ya hospitali hupima uwezo huu kwa wagonjwa wa skizofrenia, kwa sababu ugumu wa kuwasoma watu huwaharibia kazi na ndoa hata pale dawa zimetuliza sauti wanazozisikia. Huko hutumika visa vya mtu aliyeteleza ulimi. Valerie Stone na wenzake walivitumia mwaka 1998 kwa watu walioumia ubongo. Katika kimoja mwanamke amehamia nyumba mpya, amenunua mapazia, na rafiki yake anaingia na kusema mapazia haya yanachukiza, natumaini utaweka mengine. Msikilizaji huulizwa kama kuna aliyesema asichopaswa kusema, na kama msemaji alijua. Mwaka 2011 Urvakhsh Mehta na wenzake wa NIMHANS, Bangalore, walivigeuza visa vya aina hii kuwa vya Kihindi. Hawakuishia kwenye majina na vyakula. Walivipeleka kwa wataalamu wa huko wavihakiki, kisha wakavijaribu kwa wagonjwa na wasio wagonjwa kuona kama vinawatenganisha.

Tujaribu kutunga kimoja cha Kiswahili, tuone kinavyotukatalia. Mwanamke amealikwa chai ya alasiri kwa jirani yake, Tanga. Anauma andazi, anamgeukia mgeni aliyeketi kando: "Maandazi haya magumu, kayapika nani?" Aliyeketi kando ndiye mpishi. Mfupa wa kipimo ni kutojua kwa msemaji. Tungetunga kisa cha kijana aliyempita mzee bila kumwamkia tungekuwa tunapima adabu, na mtu anaweza kuijua adabu yote bila kukisia kilichomo kichwani mwa yeyote. Kwa hiyo kisa chetu kina mfupa. Tatizo ni msikilizaji. Mwanamke wa Pwani aliyekulia kwenye mipasho na kanga zenye maneno anaweza kukusikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema: huyo alijua, anampiga kijembe. Ukimwuliza kwa nini, atakueleza habari nzima ya wivu kati ya wanawake wawili. Karatasi ya majibu inasema msemaji hakujua, basi anakosa alama. Wakati huo amekisia nia iliyofichwa nyuma ya maneno, na hasira ya mlengwa, na hesabu ya mlengaji kwamba hataweza kulalamika. Ametumia zaidi kile tunachokipima.

Dawa ipo, na haina fahari: kumfungia msemaji mlango wa kujua. Kisa kiseme kwamba alifika mwisho, hajawahi kumwona mgeni yule, na hakuna aliyewatambulisha. Kisha kisomwe kwa wazee, vijana na akina mama wa mahali hapo, waombwe waeleze kwa maneno yao kilichotokea. Kinachowagawa watu wenye akili timamu kitupwe, hata kama mtungaji anakipenda.

Nyuso nazo zina hadithi yake. Kuna kipimo cha Baron-Cohen, toleo la 2001, chenye picha 36 za macho tu, kila moja ikiwa na maneno manne ya kuchagua, na sura zake ni za Wazungu. Mwaka 2010 Reginald Adams na wenzake walitengeneza picha za macho ya Wajapani, na kila upande, Wajapani na Wamarekani, ukasoma vizuri zaidi macho ya watu wake. Hapo mtu atasema tubadilishe picha, basi. Haitoshi. Katika visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, Carlos Crivelli, James Russell na wenzao waliwaonyesha vijana ule uso wa macho makubwa na kinywa wazi ambao vitabu huuita uso wa hofu. Wengi waliuona kuwa ni wa mtu anayetisha. Maria Gendron na wenzake, waliofanya kazi na Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania na kuchapisha mwaka 2020, walipata ushahidi mdogo kwamba nyuso hizo za vitabuni husomeka sawa kila mahali. Kwa hiyo unaweza kupiga picha ya mwigizaji wa Manyara akiukunja uso kama Mmarekani, ukawa umebadilisha ngozi na kuiacha maana ilikotoka.

Kwa watoto wadogo, ambao ukuaji wao hupimwa kwa vitendo, hali ni ya kuchekesha zaidi. Kipimo cha Denver cha mwaka 1992 kinauliza miongoni mwa mambo ya kijamii kama mtoto anajiandalia nafaka za asubuhi, zile za kumwagia maziwa, na kama anacheza karata au michezo ya ubaoni. Melissa Gladstone na wenzake, Malawi, walipojaribu kutumia maswali ya aina hiyo vijijini waliona kwamba ya kutembea na kuruka yalihamia vizuri, na ya mahusiano yalihitaji kushughulikiwa sana. Mwaka 2010 walitoa kipimo chao, chenye vipengele 136, kilichowekewa viwango kwa watoto 1,426 wa Malawi wenye afya. Hatua hiyo ya viwango ndiyo ya gharama, na ndiyo ambayo miradi mingi huikimbia. Bila hiyo daktari ana orodha nzuri ya Kiswahili na hajui mtoto wa miaka mitatu wa kawaida hupata ngapi.

Robert Serpell alianzia upande mwingine kabisa. Katika vijiji vya Wachewa, Katete, mashariki mwa Zambia, aliwauliza watu wazima kuhusu watoto wanaowajua. Moja ya maswali yake lilikuwa hili: usiku nyumba imeshika moto, wapo watoto hawa tu, utamtuma nani akaite watu? Wazee walijibu na kueleza sababu. Makadirio yao hayakuoana sana na alama za vipimo vya akili walivyopewa watoto hao. Wazee walikuwa wakimtafuta mtoto mwenye akili inayoaminika, anayetumika.

Swali la Serpell haliwezi kuchukua nafasi ya gololi kliniki. Linategemea wazee wanaomjua mtoto, na wazee wana upendeleo wao. Mama aliyemleta mtoto asiyesema akitaka kujua kama ni usonji hawezi kusubiri moto. Lakini kutumwa kumejaa yaleyale ambayo Wimmer na Perner waliyatafuta kwenye makabati. Mama anamwambia mtoto: nenda dukani, waambie nataka sabuni kama ya jana. Jana alikuwapo mwenye duka, leo yupo mdogo wake, ambaye hakuwapo. Mtoto afanye nini? Asiyetambua kwamba huyu hajui atasema "kama ya jana" na kunyoosha mkono. Anayetambua atasema ile ya mche, ya bluu. Mwulizaji anaweza kusimulia hivyo kwa mtoto akiwa na mamake, huku ameshika kipande cha sabuni, akauliza: huyu wa leo atatoa ipi, na wewe ungemwambiaje? Ukifikiri, ni kisa cha gololi chenye kaunta badala ya sanduku, na swali lake ni lile ambalo mtoto hulikuta maishani.

Kisa hicho kingelazimika kujaribiwa kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba, wenye usonji na wasio nao, tena na wapimaji ambao watoto hawawaogopi. Kingelazimika pia kujaribiwa zaidi ya sehemu moja. Wapo watoto wa Masaki na Kilimani ambao sabuni huletwa mlangoni na bodaboda, na ambao hawajawahi kutumwa dukani peke yao. Hao wanazungumza Kiswahili hicho hicho, na watahitaji kisa kingine.